Kosmosi za Mke Mwenzangu

Mke mwenza aliye hai una pa kumkamatia. Akikununia utamnunia, akikuchokoza utamjibu, na siku mkichoka mtacheka wote wawili. Mimi niliolewa na mgane. Mke mwenzangu alikuwa marehemu, na marehemu hana kosa. Chai yake haikuwahi kuwa na majani mengi. Sauti yake haikuwahi kupanda. Kila nilichokosea mimi, yeye alikuwa amekipatia zamani, kisha akaenda zake akaniachia fedheha.

Nilikuta aproni yake imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa ya buluu iliyopauka, kitambaa kizito chenye bitana kwa ndani, na mfuko mmoja mkubwa mbele. Mume wangu alinionyesha nyumba yote siku ile ya kwanza, mpaka bomba linalovuja, lakini penye aproni alipita haraka. Hakusema niitoe wala niiache.

Yeye ni fundi wa majokofu. Kutwa anazunguka kuwapozea watu maji, na nyumba yake mwenyewe inachemka. Bati linalia kwa joto kuanzia asubuhi, na udongo wa uani umekauka ukapasuka. Nikimwambia kinyozi hajinyoi, ananijibu kwamba hata mimi fundi cherehani nimevaa gauni lisilo na kifungo. Hapo mkono hunienda kifuani, na kifungo kweli hakipo.

Alikuwa na binti mmoja, wa darasa la tatu. Watu walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Hayo nilisimuliwa tu. Kasuku niliyemkuta mimi alikuwa na "ndiyo" na "hapana", tena kwa kuchagua. Aliniamkia kila asubuhi, aliniita Mama mdogo kama alivyofundishwa, akagusa chakula kidogo, kisha akaenda kukaa uani chini ya dirisha la chumba chake na kutazama udongo.

Pale ndipo palipokuwa na bustani ya mama yake. Mama yake alikuwa akipenda maua yaitwayo kosmosi, yale marefu yenye majani membamba kama nyuzi na petali za waridi na nyeupe. Alipoanza kuugua alimwambia mtoto, "Maua haya hayataki mtu. Yataota yenyewe. Ukiyaona yamechanua, ujue nimekuja kukuangalia." Siku chache baadaye alilala mchana, kama watu wote wanavyolala huku kwetu jua likiwa utosini, na hakuamka. Kasuku alikuwa amelala ubavuni mwake.

Siku za msiba viti vilipangwa palepale kwenye bustani. Watu walikuja wengi, wakakaa, wakakanyaga. Mvua ikaja ikapita, na halikuota hata ua moja. Mtoto akawa anasubiri.

Bibi yake, mama mzazi wa marehemu, alikuja kututembelea mara baada ya ndoa. Ni mama mrefu, anayeongea polepole, na sikumwona hata mara moja akinitazama kwa jicho baya. Hilo ndilo lililoniumiza. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mimi na wewe hatuna ugomvi. Lakini huyu mtoto anakauka. Shule zikifungwa nitakuja. Nikimkuta hivi, nitamchukua."

Mume wangu siku ile alifungua mota ya jokofu la mtu, na alipoirudisha skrubu zikabaki mezani. Na mimi, ambaye majirani walidhani nitashukuru kutuliwa mzigo, nililia jikoni nikiwa nimewasha bomba ili nisisikike. Nilikuwa nimempenda mtoto yule. Sijui lini. Nilikuwa nimempenda kama unavyompenda mtu aliyekupa mgongo, na nilijua akiondoka, mume wangu atabaki ganda tu, na mimi nitabaki kuwa yule mwanamke aliyekuja mtoto akaondoka.

Nikaamua kosmosi zitaota, zipende zisipende.

Nilinunua pakiti ya mbegu sokoni. Nikalima chini ya dirisha kwa jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikamwaga samadi, nikapanda. Gauni langu likawa linaharibika, ndipo nikaivua ile aproni kwenye msumari. Nilisita. Mimi ni fundi, mkono wangu ulishaikagua kabla sijaivaa: ndani ya mfuko, mshono wa chini ulikuwa umefumuka, kidole kinapita mpaka kwenye bitana. Upindo nao ulikuwa umeachia pembeni, na kwa ndani ulikuwa na chengachenga kama mchanga. Nguo ya mteja ningeishona palepale nikiwa nimesimama. Hii niliiacha. Nilisema kimoyomoyo, mshono wa marehemu sitauingilia, asije akasema nimembadilishia na hili. Wivu wangu ulikuwa na adabu yake.

Maji yalikuwa ya shida, kwa hiyo nilimwagilia kwa maji ya vyombo. Kila mchana, tukishakula na wenzangu wakishalala, niliosha sahani, nikabeba karai kutoka mlango wa jikoni, nikakatiza uani mpaka dirishani pa Kasuku, nikamwaga. Kisha nilivua viatu nikasimama.

Nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Alilala peke yake kwenye kitanda kilekile cha chuma alichofia mama yake, hakutaka kingine, na nikiingia chumbani aligeukia ukutani akakaza mabega. Hata kufagia alifagia mwenyewe. Mimi niliishia kizingitini. Basi nilisimama nje kwenye jua, karai likiwa kiunoni, mpaka niisikie pumzi yake. Nikiisikia, narudi.

Kosmosi zangu ziliota, tena kwa fujo. Zilinifika kiunoni, zikanifika begani, majani tele, kijani kibichi kinachong'aa, na hakuna hata kikonyo kimoja cha ua. Niliongeza samadi. Zikaongeza majani. Zikaanza kulala chini kwa uzito, nikazisimamisha kwa vijiti.

"Mbona mwenzio hakuwa anaweka mbolea?" mume wangu aliniuliza, akizitazama.

"Alikuwa anaweka nini?"

Alifikiri. "Alikuwa anazisahau. Sijawahi kumwona akizifanyia kazi nyingine."

Nilimjibu vibaya siku ile, na sitaandika nilichosema. Nani anayeweza kushindana na mtu ambaye hata usahaulifu wake unachanua?

Kasuku alipita akatazama msitu wangu. Akasema, bila ubaya, "Haya si ya Mama. Haya umepanda wewe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Ilipita muda. Siku moja, tukiwa mezani, aliweka kijiko chini akasema, "Mchana Mama alikuja."

Mume wangu aliacha kutafuna. Mimi nilijikuta nimeshika ukingo wa meza.

"Ulimwona?" baba yake akauliza.

"Nilimsikia. Miguu. Halafu kitanda."

Akachukua kijiko tena, akala. Alikula sahani nzima. Baba yake alimtazama akila, machozi yakamlengalenga, na mimi niliinamia sahani yangu kwa sababu miguu nilijua ni ya nani. Nilikuwa nasema moyoni: mwambie, mwambie sasa hivi. Kisha nikaitazama sahani ile tupu nikaumeza ulimi.

Ila kitanda sikukielewa. Mimi kwenye kitanda chake sikuwa nimewahi kukaa.

Kesho yake nilikwenda na karai langu kama kawaida. Jua lilikuwa limefuta vivuli vyote. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na kuku, hata bati lilikuwa limenyamaza. Nilimwaga maji, nikavua viatu, nikasimama kando ya dirisha. Pumzi ya mtoto niliisikia, ndefu, ya usingizi. Ndipo kitanda kikalia. Nakijua kitanda kile, springi zake zimelegea katikati. Mtoto akijigeuza hakisemi kitu, hakina habari na uzito wake. Kililia kama kinavyolia mtu mzima akikaa ukingoni taratibu, ili asimwamshe aliyelala. Na pumzi ya mtoto haikubadilika.

Nilijiambia ni chuma kinatanuka kwa joto. Nilirudi jikoni pekupeku, viatu nikaviacha palepale, nikazisugua sahani ambazo zilikuwa safi. Kwenye kioo cha dirisha la jikoni nilimwona mwanamke wa aproni ya buluu akinitazama, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni mimi.

Ungedhani ningeacha kwenda. Sikuacha. Niliogopa kumwacha mtoto na yule kuliko nilivyomwogopa yule. Kila mchana nilisimama, na mara nyingi hakikutokea kitu, na mara nyingine kililia.

Kisha yakaota.

Nilikuwa nafagia uani asubuhi nikaona kijani kwenye ufa, karibu na mlango wa jikoni. Jani jembamba kama uzi. Mbele yake jingine, na jingine, safari nzima, yamepinda pale ninapokwepa tofali, yakikatiza ule udongo mgumu ambao hata jembe lilikuwa linadunda. Mstari ule ulitoka jikoni ukaenda mpaka chini ya dirisha la Kasuku, ukaishia hapo.

Nilikaa chini. Hapo nilipokaa hapakuwa na samadi, hapakuwa na aliyelima, hapakuwa na aliyepanda. Kitu cha kwanza nilichotaka ni kuyang'oa yote kabla mtu hajaamka. Nilishika moja, nikaliachia. Nililiachia kwa woga, wala si kwa wema.

Hayakurefuka. Yalifika magotini yakakoma, membamba, yamekonda, majani ya kuhesabika. Msitu wangu uliokula samadi bado ulikuwa unanenepa bila haya. Na asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta yamechanua: meupe, ya waridi, na moja jekundu la kukolea, yakitikisika kwenye upepo ambao mimi sikuusikia.

Kasuku alitoka na nguo za kulalia. Alisimama mwanzo wa mstari akautazama mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alitembea kando yake polepole mpaka dirishani, akarudi, akaingia kumwamsha baba yake. Kuanzia siku ile aliongea. Aliongea kuhusu shule, kuhusu paka wa jirani, kuhusu mwalimu wa hesabu anayepiga chafya saba mfululizo. Aliongea akipiga mswaki. Mume wangu alikuwa anatembea nyumbani kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana, na mimi nilikuwa nacheka kwa mdomo tu. Mama yake alikuwa ametimiza ahadi. Mimi nilikuwa nani pale? Karai.

Shule zikafungwa, na Bibi akaja. Hakutuambia saa. Alifika jua likiwa utosini, sisi tukiwa tumemaliza kula, akapitia uani. Mimi nilikuwa nakatiza na maji ya vyombo, nimevaa aproni, kichwa nimeinamisha ili nisikanyage maua.

Nilisikia begi likianguka. Nilipoinua kichwa, mama yule mrefu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mkono mdomoni, akinitazama kama anayetazama shimo. Akalitaja jina la mwanawe.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Shikamoo. Ni mimi."

Aliitikia akiwa bado vumbini. Nilimwinua nikampeleka kwenye kivuli cha ukuta, nikampa maji. Alikuwa bado anaitazama aproni. "Hivyohivyo," akasema. "Na karai hivyohivyo kiunoni." Akanyoosha mkono, akaukamata upindo, akaupapasa kwa vidole. Vidole vikasimama.

"Bado zimo," akasema.

"Nini, Mama?"

"Mbegu. Alikuwa anachuma zilizokauka, anatia mfukoni, anasahau. Nilimgombeza kila siku, shona huo mfuko. Ananijibu, nitashona kesho."

Aliukung'uta upindo kwenye kiganja changu. Zilidondoka: nyembamba, nyeusi, zimepinda kidogo. Ule mchanga wangu. Nilizitazama, nikautazama mstari wa maua kutoka jikoni hadi dirishani, na kichwani nikaziona hatua zangu zote, kila mchana, moja baada ya nyingine, upindo ukidondosha na karai likinyunyiza. Fundi mzima. Nilikuwa nimelitia kidole tundu lile kwa mkono wangu mwenyewe.

"Kumbe ni wewe," Bibi akasema polepole.

Nikageuka, na Kasuku alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Mume wangu alikuwa nyuma yake, na usoni mwake niliona kitu kilekile kilichokuwa moyoni mwangu: sasa hivi tumemuua mama yake mara ya pili, na hii tumeifanya sisi. Niliwaza kesho yake, begi, kiti kitupu mezani. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mbegu bado zimo kiganjani.

"Kasuku," nikasema. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama dirishani. Miguu ilikuwa yangu. Na maua nimeyadondosha mimi, bila kujua."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa.

"Najua," akasema. "Miguu ilikuwa yako, naijua. Uliacha na viatu siku ile. Nikavirudisha jikoni."

Nilikuwa nimedhani mume wangu ndiye aliyevirudisha.

"Sasa mbona ulisema ni Mama?" baba yake akauliza.

"Nilisema miguu, halafu kitanda. Miguu ni Mama mdogo. Kitanda ndio Mama."

Jua lilikuwa palepale juu yetu. Bibi aliangalia dirisha la chumba kile, pazia likiwa limetulia, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti.

"Mama mdogo huwa haingii," Kasuku akaendelea kumweleza bibi yake, kama anayemweleza mgeni taratibu za nyumba. "Anasimama juani mpaka nimelala. Mama yeye anaingia."

"Na wewe unataka twende kwangu?" Bibi akauliza.

Kasuku alifikiri kweli, si kwa kutuonea huruma. "Nikienda, Mama akija atamkuta nani?" Kisha akanitazama mimi. "Na huyu atasimama hapo nje bure."

Bibi alijifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Akaniambia begi lake niliingize ndani, atalala siku mbili tatu, kisha atarudi kwake peke yake.

Mchana wa kesho yake niliosha vyombo. Maji nikayamwaga hapohapo mlangoni. Upindo wa aproni sikuushona, na mfuko sikuushona. Bibi aliniuliza kwa macho, nikatikisa kichwa, akakubali. Niliivua nikaitundika kwenye msumari wake. Kisha badala ya kuzungukia uani nilipita ndani, kwenye korido, mpaka mlango wa chumba cha mtoto. Nilikuwa nimeingia nyumba ile nikiwa bibi harusi na sikubisha hodi popote. Hapa nilibisha.

"Hodi."

"Karibu, Mama mdogo."

Joto la chumba lilinikumba. Niliketi ukingoni mwa kitanda, taratibu, na springi zikalia sauti ileile niliyokuwa naisikia nikiwa nje. Nikainama kuvua viatu, ndipo nikaona, upande wa ukuta, pale saruji ya sakafu ilipoachana na ukuta, jani jembamba la kijani limejitokeza. Lilikuwa limepauka kwa kukosa jua, lakini lilikuwa hai. Najua mbegu huweza kuingia na miguu ya mtoto. Najua pia kwamba Kasuku hufagia, na kwamba aproni ile haikuwahi kuvuka kizingiti kile nikiwa nimeivaa mimi.

Nilinyoosha mkono nikalivuta pazia kidogo, jua likafika pale.

Kasuku alikuwa macho, akinitazama. Hakugeukia ukutani. Alijisogeza mpaka katikati ya kitanda, akaacha nafasi pande zote mbili.

Nikalala upande wa dirisha.